Kabla Hujalipia Machweo: Tulivyomchagulia Mama Boti ya Jioni Kule Santorini

Swali la kwanza la Mama lilikuwa fupi: "Hiyo boti iko na choo?"

Sisi tulikuwa tumeshamaliza siku mbili tukilinganisha picha. Tulijua boti gani ina mito meupe, ipi ina muziki, na ipi inapita mahali ambapo jua likizama linaonekana kama limechovywa baharini. Choo hatukuwa tumefikiria. Hapo ndipo tukaelewa kwamba tulikuwa tukijichagulia sisi wenyewe, na sisi hatukuwa tunaenda popote.

Tuanze mwanzo. Mwenzetu mmoja hapa ofisini ana dada muuguzi anayefanya kazi Ujerumani. Mama yao, mwalimu mstaafu wa Nakuru, alipata viza ya kwenda kumtembelea bintiye mwezi wa Julai. Viza ile ya Schengen inamruhusu mtu kutembea nchi nyingine za eneo hilo pia, kwa hivyo binti akaomba likizo, akakata tiketi za siku chache za kwenda kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Watoto watatu waliobaki Kenya wakaona aibu kukaa hivi hivi. Wakasema, "Ndege na hoteli ni za dada. Sisi tutamlipia Mama jioni moja baharini." Kila mmoja akatuma shilingi 12,000. Jumla ikawa 36,000.

Kazi ya kuchagua akaachiwa mwenzetu, na yeye akaileta mezani kwetu wakati wa chakula cha mchana, kama vile watu huleta mambo yao ofisini. Tukaingia wote. Tulijifunza mengi kuhusu boti, upepo na pesa, na tumeona tukuandikie, kwa sababu wateja wetu wengi siku hizi wanalipia vitu vya mbali wakiwa wamekaa na simu mkononi. Inaweza kuwa ni fungate yako, inaweza kuwa ni safari ya chama, au ni mzazi unamlipia. Makosa tuliyokaribia kufanya ni yale yale.

Kwanza, ijue safari yenyewe

Santorini ni kisiwa kilichobaki baada ya mlima wa volkano kulipuka vibaya sana, miaka kama 3,600 iliyopita. Katikati palidondoka, maji ya bahari yakaingia, na kikabaki kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo kikitazama shimo kubwa la bahari. Ukingo wa ndani ni mwamba wa kwenda juu, sehemu nyingine hadi mita 300 hivi, na ile miji myeupe unayoiona kwenye picha, Fira na Oia, imekaa juu kabisa ya mwamba huo. Katikati ya maji kuna visiwa vidogo vyeusi. Kimoja, Nea Kameni, bado ni volkano hai, na mlipuko wake wa mwisho ulikuwa 1950.

Safari ya jioni ya kawaida inazunguka ndani ya shimo hilo. Nyingi huchukua saa tano hivi. Boti inaondoka alasiri, inasimama mara mbili au tatu watu waogelee, chakula kinachomwa humo humo, kisha inaenda kusubiri jua lizame karibu na Oia. Vituo vinavyotajwa sana ni Ufuo Mwekundu na Ufuo Mweupe upande wa kusini, na chemchemi za maji ya uvuguvugu kwenye kisiwa cha Palea Kameni.

Sasa hapo kwenye chemchemi pana jambo ambalo matangazo hayasemi kwa sauti. Boti haiwezi kuingia hadi kwenye maji ya moto. Inasimama mbali kidogo, unaruka kwenye maji ya kawaida ya bahari, unaogelea hadi pale maji yanapogeuka rangi na kupata joto, halafu unarudi hivyo hivyo. Na maji yale yana madini ya chuma na salfa, kwa hivyo nguo nyeupe ya kuogelea inaweza kutoka na rangi ya kutu. Kama huogelei, kituo hicho kwako ni kukaa na kutazama wenzako.

Mama haogelei. Chombo pekee alichowahi kupanda ni feri ya Likoni, na hata hapo, anasema binti yake, alikuwa ameshika chuma kutoka upande huu hadi ule.

Maswali manne ya Mama

Baada ya lile la choo, tulimpigia tena na kumwomba aseme yote yanayomsumbua. Akatupa matatu zaidi: Nitakaa wapi? Nitaingiaje ndani? Na nikichafuka roho je? Tuliyaandika kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba maswali hayo manne yalituchagulia boti vizuri kuliko tovuti zote tulizokuwa tumefungua.

*Choo na mahali pa kukaa.* Boti za jioni kule ni za aina tatu hivi. Kuna majahazi makubwa ya mbao yanayobeba watu wengi, mara nyingine zaidi ya mia. Kuna katamarani, yaani boti ya tanga au ya injini yenye matumbo mawili badala ya moja, ambayo ukijiunga na wengine mnakuwa kikundi kidogo. Na kuna boti ya kukodi peke yenu. Bei tulizokuta sisi kwa mtu mmoja zilikuwa kama yuro 50 hadi 70 kwa jahazi kubwa, na yuro 110 hadi 180 kwa katamarani ya kushirikiana. Boti ya peke yenu ilianzia mamia mengi ya yuro kwa kikundi kizima, tukaifunga hiyo kurasa haraka. Tulikadiria yuro moja ni shilingi 150 ili hesabu iwe rahisi kichwani. Kwa watu wawili, jahazi lingekuwa kati ya shilingi 15,000 na 21,000, na katamarani kuanzia 33,000.

Jahazi lilikuwa linatuvutia kwa bei. Lakini tuliposoma maelezo vizuri tukakuta lile la bei ya chini kabisa linapita pia Nea Kameni, ambapo abiria wanashuka na kupanda njia ya kokoto za volkano juani hadi kwenye mdomo wa mlima. Mama ana goti. Kulipa kidogo halafu akae peke yake botini muda wote huo akiwasubiri wenzake, hapo hakuna tulichookoa.

*Kuingia ndani.* Hili watu hulisahau kabisa. Uliza boti inaondokea bandari gani, kwa sababu kule bandari iko chini na mji uko juu. Bandari ya zamani ya Fira inafikiwa kwa ngazi karibu 600, au kwa vigari vinavyoning'inia kwenye waya, na foleni ya vigari hivyo huwa ndefu siku ambazo meli kubwa za watalii zimetia nanga. Ammoudi, chini ya Oia, kuna barabara ya gari lakini wengi hushuka kwa ngazi zaidi ya 200. Vlychada, upande wa kusini, ni bandari ya kawaida ambapo gari linafika karibu na boti. Kwa mtu wa goti, jina la bandari lina uzito kuliko aina ya divai watakayowapa. Tukaweka alama kwenye Vlychada.

*Kuchafuka roho.* Katamarani ina matumbo mawili, imekaa kama meza, kwa hivyo haiyumbi upande kwa upande kama boti ya tumbo moja. Haimaanishi haitingishiki. Lakini kwa mtu anayeogopa, na mwenye kutaka kukaa katikati mahali penye kivuli na kitu cha kushika, inasaidia. Dada yake, kwa kuwa ni muuguzi, alisema mambo ya dawa ya kichefuchefu tumwachie yeye. Tukamwachia.

Mwishowe tukapata katamarani ya kushirikiana, yuro 115 kwa mtu. Ilikuwa na choo ndani, kivuli nyuma, inaondokea Vlychada, wanakuja kuwachukua hotelini, na chakula kimo kwenye bei. Kwa wawili, yuro 230. Kwa kadirio letu, shilingi 34,500. Ndani ya ile 36,000.

Jioni ya wapi?

Hapa karibu tukosee vibaya, na kosa lingekuwa letu.

Mwenzetu alisoma kwamba boti inaondoka 15:30, akamwambia Mama "saa tisa na nusu", sawa. Lakini Mama akauliza, "Sasa safari ya jioni inaondokaje saa tisa?" Kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na saa moja ni giza. Kule sivyo. Katikati ya Julai, jua la Santorini linazama karibu saa mbili na nusu usiku. Katikati ya Oktoba linazama kama saa moja kasorobo. Kwa hivyo boti ile ile, kampuni ile ile, saa ya kuondoka na ya kurudi inabadilika kadiri miezi inavyokwenda. Ukisoma maoni ya mtu aliyeenda Oktoba, usipange nayo safari ya Julai.

Jambo zuri ni hili: kipindi cha kiangazi, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya Ugiriki na saa ya Kenya ni moja. Ukimpigia mtu aliye kule saa mbili usiku, na kwake ni saa mbili. Inarahisisha mambo ya malipo na simu. Ila andika saa kwa tarakimu za tiketi pia, 15:30, ndipo asitokee mtu wa kusoma "saa 3:30" akadhani ni usiku.

Ukurasa wa bei nusu

Kabla hatujalipa, mwenzetu alikuja mbio. Kakake mdogo alikuwa amepata ukurasa kwenye mtandao wa kijamii, safari hiyo hiyo, katamarani, machweo, chakula, yuro 60 tu kwa mtu. "Tunaokoa karibu nusu!" Na mwenye ukurasa alikuwa mtu wa haraka. Alisema zimebaki nafasi mbili, lipeni yote leo, tumeni kwenye akaunti hii, na akaunti yenyewe ilikuwa ya jina la mtu binafsi.

Hatukumwambia kaka kwamba ni matapeli. Hatukuwa na hakika. Tulimpa maswali matatu tu akamuulize: Mnaondokea bandari gani? Boti inaitwaje? Tunaweza kulipa kwa kadi? Kwa swali la bandari alijibiwa "mtaelekezwa mkishalipa". La boti likarukwa. La kadi, jibu likawa "mashine ina shida wiki hii". Baadaye dada aliyeko Ujerumani akakuta picha zile zile kwenye ukurasa wa kampuni nyingine kabisa, zikiwa na nembo ambayo huku ilikuwa imekatwa.

Kaka alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Na nilikuwa nimeshafungua simu nitume."

Tunaomba ulishike hili hata kama hutaenda Ugiriki maisha yako yote. Ukituma pesa moja kwa moja kwa mtu, pesa hizo ni kama umempa mkononi. Kuzirudisha kunategemea wema wake. Ukilipa kwa kadi, pamoja na kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu yako, kuna njia ya kulalamika kama huduma haikutolewa, na kuna kumbukumbu ya nani alilipwa. Si uchawi, inachukua muda na utatakiwa kutoa ushahidi, lakini mlango upo. Mtu anayekukatalia kulipa kwa kadi na wakati huo huo anakuharakisha, muulize mara moja tu, kisha ondoka.

Shilingi au yuro?

Siku ya kulipa tulikuwa watatu tumeinamia simu moja. Mwenzetu alijaza nambari za kadi yake ya mtandaoni, jina la Mama na la dada kama wasafiri, tarehe, hoteli. Akafika kwenye ukurasa wa mwisho, na hapo akakuta swali ambalo hakulitarajia: unataka kulipa kwa yuro 230, au kwa shilingi za Kenya 36,570?

Kidole chake kilikuwa tayari kinaelekea kwenye shilingi. Ni jambo la kawaida. Shilingi ndiyo unayoijua, ndiyo iliyo kwenye simu, na unaona kabisa unatozwa ngapi. Lakini angalia ile namba vizuri. Pochi ilikuwa na 36,000. Malipo yangekataliwa, na kama angeongeza pesa yapite, angekuwa amelipa zaidi bila sababu.

Kinachotokea ni hiki. Ukichagua shilingi, anayekubadilishia pesa ni upande wa muuzaji au kampuni inayomhudumia, kwa kiwango chao, na mara nyingi wameshajiwekea faida ndani yake. Ukichagua yuro, ubadilishaji unafanyika upande wa kadi yako, kwa kiwango cha mtandao wa kadi na ada ya aliyekupa kadi. Kwa kawaida hiyo ndiyo nafuu. Kwa hivyo kanuni ni rahisi: ukiwa nje, au ukilipia kitu cha nje, lipa kwa pesa ya huko. Swali hilo utalikuta kwenye tovuti, kwenye mashine ya mgahawa, hata kwenye mashine ya kutoa pesa.

Tukabonyeza yuro. Nambari ya kuthibitisha ikaingia kwa meseji, akaiandika, malipo yakapita. Zilikatwa shilingi 34,960. Tofauti na ile ya shilingi ikawa 1,610, na kwenye pochi ikabaki 1,040. Kadirio letu la 150 lilikuwa chini kidogo ya kiwango cha siku hiyo, ndiyo maana tunakushauri uache nafasi kidogo juu ya hesabu yako, usijaze pochi sawa sawa na bei.

Na umeona faida ya kulipia hapa nyumbani? Ile meseji ya kuthibitisha inakuja kwenye laini yako. Kama Mama angekuwa kule na laini yake imezimwa kwa kuogopa gharama za nje, meseji isingefika na malipo yangekwama. Kama wewe ndiwe msafiri, ama lipa kabla hujaondoka, ama hakikisha laini yako inapokea meseji ukiwa nje.

Halafu upepo ukaja

Tulikuwa tumeweka safari siku ya Jumanne, siku yao ya kwanza nzima kisiwani. Wazo hilo halikuwa letu. Dada ndiye aliyesema, "Msiweke siku ya mwisho. Huko upepo unaweza kuharibu."

Alikuwa sahihi. Bahari ile ina upepo wa kiangazi unaoitwa meltemi, unavuma kutoka kaskazini, hasa Julai na Agosti, na unaweza kushika siku kadhaa mfululizo huku anga ikiwa safi kabisa bila wingu. Ukiutazama kutoka dirishani unaona jua na bahari ya buluu, unashangaa kwa nini wamefuta safari. Ukizidi kiwango fulani, mamlaka ya bandari huzuia boti ndogo kutoka. Nahodha hana hiari, na hata wewe hungetaka awe nayo.

Jumatatu jioni ujumbe ukaingia: Jumanne hakuna kutoka, chagueni Jumatano au mrudishiwe pesa. Wakachagua Jumatano. Jumatano asubuhi, ujumbe mwingine kama ule. Mama akampigia mwanawe Nairobi akasema, "Waambie warudishe pesa zenu. Mimi nimeshaiona bahari, iko tu hapo nje."

Tunakumbuka sura ya mwenzetu siku ile. Pesa haikuwa shida, ingerudi. Shida ni kwamba Mama alikuwa ameanza kuwatafutia njia ya kutoka, vile wazazi wetu hufanya wakiona wamekuwa gharama. Aliweka simu chini, akatuuliza, "Nimwambie nini?"

Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia tu ukweli: ndege yao ni Ijumaa, Alhamisi bado ipo, na masharti tuliyosoma kabla ya kulipa yanasema hata Alhamisi ikishindikana pesa inarudi yote. Hapotezi kitu kwa kusubiri. Akampigia tena akamwambia hivyo hivyo. Mama akasema, "Haya, kama hampotezi."

Kitu kimoja kidogo katikati ya hayo. Mwenzetu alikuwa anataka kuifuta ile kadi ya mtandaoni, kwa sababu malipo yalishapita na ni vizuri kutoacha kadi wazi. Tabia nzuri, lakini wakati haujafika. Pesa ikirudishwa huwa inarudi kwenye kadi ile ile iliyolipa. Kadi ikiwa imefutwa, pesa inaweza kuzunguka wiki nyingi ikitafuta pa kuingia, nawe uko kwenye simu na watu wa huduma kwa wateja. Ifunge kwa muda kama programu yako inaruhusu, lakini usiifute mpaka safari iishe. Na ujue kwamba pesa ikirudi inabadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo, kwa hivyo shilingi zinaweza kuwa pungufu au zaidi kidogo ya ulizotoa.

Alhamisi

Alhamisi upepo ulilegea. Njia ilibadilishwa kidogo, walikaa zaidi upande wa kusini ambako mwamba unakinga, na kwenye chemchemi hawakufika. Vijana wawili botini walilalamika. Mama hakuwa na habari.

Saa mbili na dakika chache usiku simu ya mwenzetu ikaita. Tulikuwa bado ofisini, siku ya mwisho wa robo mwaka wa ripoti zetu, taa zimewashwa, nje Nairobi ni giza na honi za matatu. Ilikuwa video. Uso wa Mama ulikuwa wa rangi ya chungwa, na nyuma yake mwamba wote ulikuwa wa rangi hiyo hiyo.

"Kwani huko kumeshaingia usiku?" akauliza.

"Kitambo, Mama. Tangu saa moja."

"Hapa jua bado liko," akasema, kama mtu anayetoa taarifa muhimu. Kisha akageuza simu tuone. Halafu akairudisha kwake na kusema kwa sauti ya chini, "Choo ni kisafi sana."

Alikuwa amekaa katikati, penye kivuli, mkono mmoja umeshika chuma.

Kabla hujabonyeza Lipa

Hii ndiyo karatasi yetu, tumeisafisha kidogo. Ipige picha ukae nayo.

- Muulize anayesafiri, siyo picha. Anaogelea? Ana goti? Anachafuka roho? Anakunywa au hanywi? Safari yenye vituo vitatu vya kuogelea haimfai asiyeogelea.
- Jua jina la boti, bandari ya kuondokea, na kama usafiri wa kutoka hotelini umo kwenye bei.
- Soma masharti ya kufutwa kwa safari kabla ya kulipa. Tafuta sentensi inayosema upepo ukizuia, pesa inarudi yote au la.
- Weka safari mwanzoni mwa siku zako kisiwani. Siku za mbele ndizo akiba yako.
- Angalia saa ya machweo ya mwezi unaoenda, na uandike saa kwa tarakimu za tiketi.
- Lipa kwa kadi, wala usitume moja kwa moja kwa mtu usiyemjua. Bei iliyo nusu ya wengine wote ina sababu, na sababu hiyo huijui.
- Ukiulizwa shilingi au yuro, chagua yuro.
- Acha salio kidogo juu ya bei kwa ajili ya kiwango cha kubadilisha na ada.
- Andika majina ya wasafiri kama yalivyo kwenye pasipoti, hata kama mlipaji ni wewe. Hifadhi risiti na umtumie anayesafiri nakala.
- Usifute kadi ya mtandaoni mpaka safari iishe.
- Nambari yako ya siri na ile ya kuthibitisha ni zako peke yako. Hakuna nahodha, wakala wala mfanyakazi wetu anayezihitaji.

Zile shilingi 1,040 zilizobaki, ndugu walibishana kidogo zigawanywe vipi. Mwishowe walimtumia Mama kwenye simu yake siku aliyotua, za teksi ya kutoka steji hadi nyumbani. Akatuma ujumbe: zimefika, na nani amelisha kuku?